Alhamisi Isiyokuwa ya Mradi

Watu wa Nyambureti walimwita Bibi Tembo, na Mokami Matiko hakukasirika. Jina la utani ni bora kuliko kusahaulika, na yeye alikuwa ameshasahaulika vya kutosha. Shahada yake ya uhifadhi wa wanyamapori ilikaa sandukuni miaka mingi huku mwenyewe akiuza viatu vya mitumba Nyamisangura, mjini Tarime, akibishana na wateja kuhusu soli. Mradi wa chuo kikuu ulipomwajiri kuwa mtafiti msaidizi, alihamia Morotonga, akapewa pikipiki na fulana ya kijani, akarudi kufanya kazi Nyambureti, kijiji alikozaliwa. Tembo wakitoka hifadhini na kula shamba la mtu, Mokami anafika na kamba yake, anapima uharibifu, anamhoji mwenye shamba aliyevimba kwa hasira, anaandika, anaondoka. Tembo nao wanarudi, maana hakuna tembo aliyewahi kuacha kula mahindi kwa sababu ameandikwa.

Mwajiri alikuwa chuo, lakini mwenye hela alikuwa mfadhili wa ng'ambo, na mfadhili alikuwa na miiko yake kama ukoo wowote. Mratibu wa mradi, Nelson Odera, Mjaluo mpole wa Rorya, alimweleza miiko miwili mikubwa siku ya kwanza. Kila mwisho wa mwezi Mokami angejaza fomu na kutia sahihi kuonyesha muda wake umekwenda wapi, siku kwa siku, kwa sababu muda huo umeshalipiwa. Na hela ya mradi isitumike hata kidogo kumsukuma kiongozi atunge sheria, aibadilishe au aifute. Kuelimisha ruksa, kushawishi marufuku. Atakayevunja, mkataba wake umekufa.

"Na nikiwa napika jioni, nikawaza tembo, huo muda ni wa nani?" Mokami alitania.

"Huo ni wako na sufuria yako," Nelson akajibu, wakacheka wote wawili.

Sasa, Mokami alikuwa na mama mdogo, jina lake Boke, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Shamba la Boke lilikuwa la mwisho kabisa kijijini, ukilivuka unaingia kwenye vichaka vya hifadhi. Msimu wa mahindi yeye na majirani walilinda kwa pamoja, kwa madebe, tochi na matusi ya Kikurya, ambayo Boke aliapa kwamba tembo wanayaelewa. Walikuwa wamechoka. Macho yao yalikuwa mekundu kuanzia mahindi yanapobeba mpaka yanapovunwa.

Ndipo ikaja habari kwamba madiwani wanatayarisha sheria ndogo: sehemu ya mapato ya utalii iajiri walinzi wa mashamba kwa msimu mzima. Kikao cha kupokea maoni ya wananchi kilipangwa Alhamisi.

"Wewe ndiye utakayetusemea," Boke alimwambia Mokami. "Sisi tukisema, wanaona tunalia njaa tu. Wewe umesoma, na umepima."

"Mama, kazi yangu hainiruhusu."

"Kazi gani hiyo inayokukataza kusema shamba la mama yako limeliwa?"

Mokami alichukua simu. Alimpigia Nelson, na Nelson, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza vizuri. "Chukua likizo ya siku moja. Nenda kwa nauli yako, bila fulana, bila pikipiki, bila takwimu zetu. Sema kama mwananchi, hilo hawawezi kukukataza. Lakini chunga mdomo, dada yangu. Mkataba wako unakwisha karibuni, na anayeamua si mimi peke yangu."

Alhamisi ilipofika alivaa gauni lake la kanisani akaenda. Wakulima walisimama mmoja mmoja, wakasema yale yale kwa uchungu ule ule, na madiwani wakapiga miayo. Zamu ya Mokami ikafika.

"Naitwa Mokami Matiko, binti wa Nyambureti."

Mwenyekiti wa kikao aliinua miwani. "Si wewe yule wa mradi wa tembo? Ahaa, afadhali! Mradi unasemaje kuhusu jambo hili?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama.

"Mheshimiwa, leo nimekuja kama mwananchi."

"Wananchi tumewasikia tangu asubuhi. Wote wanasema tembo ni wengi. Sisi tunataka kitu cha kitaalamu. Una takwimu au huna?"

Alikuwa nazo. Alijua njia wanazopita, miezi wanayopita, na mashamba yatakayofuata kuliwa, la Boke likiwa la kwanza. Lakini zote zilikuwa mali ya mradi. Aliiona ile meza ya mitumba ya Nyamisangura na vumbi lake, akaogopa. Kuogopa kukosa kula si dhambi, ila nako kuna gharama zake.

"Sina, Mheshimiwa," akasema, akakaa.

Kikao kikaamua rasimu irudi kwenye kamati mpaka utafiti upatikane. Utafiti wenyewe ulikuwa umekaa safu ya tatu, umeinamisha kichwa.

Jioni Boke alipiga simu. "Umesimama?"

"Nimesimama, mama."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Kuna aliyekupinga?"

"Hapana."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja, na bado alimdanganya mama yake. Alinuia kumweleza Jumapili, ana kwa ana, akiwa amemshika mkono. Kusikia vigelegele vya yule mama kwenye simu kulimfunga ulimi.

Kosa lililofuata ni la watu wetu, na msomaji asiwacheke. Boke alikulia kwenye ritongo, mkutano mkuu wa wazee wa Kikurya. Pale mtu akisimama akasema, na asipatikane wa kumpinga, jambo limepita, na vijana wanatumwa siku hiyo hiyo kulitekeleza. Kwamba kuna mkutano ambamo jambo halipingwi na bado linapelekwa kwenye kamati kulala, Boke angelijulia wapi? Alipita nyumba kwa nyumba: binti yetu amesema, walinzi wanakuja, kalaleni. Majirani, maskini, walilala kama watoto. Yeye mwenyewe alienda shambani usiku ule, kwenye kibanda cha kulindia, kuwapokea walinzi, na chupa ya uji, kwa sababu mgeni halindi shamba lako akiwa na njaa.

Walimkuta asubuhi. Kibanda kilikuwa chini, na mahindi yamelala upande mmoja mpaka vichakani. Chupa ilikuwa nzima, na uji ndani yake bado una joto.

Nelson alifika msibani siku hiyo hiyo. Alilia kweli, kisha akamvuta Mokami pembeni. "Samahani sana. Tukio liko kwenye eneo letu, lazima lipimwe kabla mvua haijafuta nyayo. Naweza kumleta mtu mwingine."

"Hapana. Asimpime mtu asiyemjua."

Kwao mfiwa hashiki kazi maiti ikiwa bado ndani. Mokami alivaa fulana ya kijani juu ya nguo ya msiba, akavuta kamba kutoka kwenye kibanda mpaka pale mama yake mdogo alipoangukia. Wanawake waliokuwa wakiomboleza walinyamaza walipomwona. Aliandika vipimo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kilio.

Mwisho wa mwezi alikaa na Nelson kujaza ile fomu ya muda. "Siku ya kupima?" aliuliza.

"Hiyo ni ya mradi, siku nzima."

"Na ile Alhamisi?"

"Acha wazi. Likizo haihesabiwi."

Akaacha wazi, akatia sahihi. Nelson, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, alimwambia kwamba mkataba wake umeongezwa. Mokami alishukuru. Alijichukia kwa kushukuru, lakini alishukuru.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani, vichwa vimenyolewa. Rubeni, mume wa Boke, mzee asiyejua kupandisha sauti, alimwita Mokami katikati.

"Shikamoo, tata," alisema Mokami, kwa jina lile lile alilokuwa akimwita baba yake.

"Marahaba, mwanangu. Wale walinzi hawajafika mpaka leo. Mama yako alikufa akiwasubiri. Mimi sigombani na mtu, nataka kuelewa tu. Siku ile, pale mbele ya wakubwa, ulisema nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimeshapita. Hakuna mradi uliomkataza kusema sasa. Muda huu ulikuwa wake.

"Nilisema jina langu, tata," Mokami alijibu. "Halafu nikakaa."

Rubeni aliendelea kumtazama, akisubiri mengine.