Kinyonga wa Mama Mkwe

Safari hii sikuipanga mimi. Ilipangwa na mke wangu, Mwanahamisi, akiwa anaosha vyombo uani kwetu Chanika, mjini Handeni. "Wewe si bingwa wa kutazama wadudu?" aliniuliza bila kuinua kichwa. "Nenda basi ukamtazamie mama yangu."

Ni kweli nina daftari. Kila asubuhi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mpapai, naandika wanaopita: chozi anayefyonza ua la mgomba, mjusi kafiri anayepiga pushapu ukutani, nguchiro anayekagua banda la kuku kama bwana afya. Majirani wananiita Profesa. Nami, Mungu anisamehe, nimeliitikia jina hilo miaka mitatu bila kumgusa mnyama hata mmoja.

Matatizo yalikuwa Vugiri, milimani Korogwe. Kinyonga mwenye pembe alikuwa amehamia kwenye ua wa masale nyumbani kwa mama mkwe, na mama, kwa hofu ya kupita karibu naye, hakanyagi tena shambani. Maharage yalikuwa yamekauka, yanaanza kupasuka na kumwagika chini. Jirani yake, Mama Hoza, alishauri ua wote ufyekwe na kuchomwa moto Jumapili. Masale yale aliyapanda marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na mama alilia kwenye simu alipomweleza binti yake.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la Korogwe na daftari langu kwapani. Nje ya mji yangeyange walikuwa wanafuata ng'ombe wa Wamasai, kila ndege na ng'ombe wake. Nikaandika. Mzee wa Kimasai aliyekaa pembeni yangu akauliza naandika nini, nikamweleza mpaka habari ya kinyonga.

"Utamshika kwa mkono?" akauliza.

"Kwa mkono, mzee."

Akasogea kidogo kwenye kiti. "Simba mimi nitasimama naye. Huyo wako hapana. Huyo anatazama mbele na nyuma pamoja, utamvizia wapi?"

Tulipofika Korogwe aliniaga kwa mbali, bila kunipa mkono.

Saa tano nilikuwa juu ya bodaboda, nimekumbatia mfuko wa machungwa ya mama mkwe. Mkonge ulibaki chini, baridi ikaanza, ikaja harufu ya iliki. Mbega watatu walikaa mtini wakatutazama tukisukuma pikipiki kwenye utelezi. Sikuwaandika, kwa sababu mikono ilikuwa na tope na nilihisi wananicheka.

Saa saba, Vugiri. Nilipiga hodi, nikasimama mbali na mlango kama mkwe mwenye adabu, macho chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?" Alitazama nyuma yangu, nadhani alitegemea nimekuja na mtaalamu.

Nilipewa kiti nje. Habari ilikuwa imeshaenea, wanawake watano walikuwa wamejibanza mlangoni, mbele yao Mama Hoza na kisanduku chake cha kiberiti.

"Shemeji," akaniambia, "kesho tunachoma. Wewe tazama tu, uandike."

Hilo likaniuma. Nikasimama nikawapa somo. Nikawaambia kinyonga hana sumu, anakula nzi na panzi, ukimwekea tawi anapanda, na siku zote anatafuta mahali pa juu kabisa. Nilisema vizuri sana. Mama mkwe aliacha kufikicha pindo la khanga yake, na nikaona anaanza kuniamini.

Kinyonga alikuwa kwenye sale la tatu, kijani, mkubwa kuliko kiganja changu, pembe tatu puani. Jicho moja lilinitazama mimi, lingine lilimtazama Mama Hoza. Nikageuka kutazama njia niliyojia. Lakini mbele ya mama mkwe mwanamume atakimbilia wapi? Nikanyoosha mkono. Akapanda, taratibu, vidole vikibana kama vibanio vya nguo. Wanawake wakapiga vigelegele.

Kisha akaendelea. Kiwiko, bega, shingo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaeleza kwamba anatafuta mahali pa juu kabisa, na pale uani mahali pa juu kabisa palikuwa kichwa changu.

Nilipiga ukelele ambao hata leo naukana. Nikakimbia, macho nimefumba, wanawake wakatawanyika, nikapita mlango, nikapita pazia, nikajirusha juu ya kitu laini na kujifunika mashuka. Ndipo nilipofungua macho nikajua niko wapi: chumbani kwa mama mkwe, kitandani kwa mama mkwe, na viatu.

Wakwe wanakosana kwa mambo madogo kuliko hayo. Nilitamani kinyonga anitafune, abakize daftari tu.

Mama mkwe aliingia. Hasira yake ilikuwa imeizidi hofu. Alimng'oa yule mnyama kichwani kwangu kwa mkono mtupu, pamoja na nywele kadhaa. "Toka!" akasema, na sijui alimwambia nani kati yetu. Akatoka naye mpaka kwenye masale, akamweka kwenye sale lilelile, akageuka. Hapo tu ndipo alipotazama mkono wake. Akaugeuza huku na huku. Ulikuwa mzima.

"Kumbe ni baridi tu," akasema.

Jioni hiyo aling'oa maharage mpaka kiza kikaingia, na mimi nilipiga magoti mbali naye nikiokota yaliyomwagika. Mama Hoza alirudi kwake na kiberiti chake. Nilifurahi mpaka nikaona aibu inapungua.

Jumapili nilishuka Korogwe, nikapanda basi la Handeni. Mjomba wa mke wangu ameshaniagiza nipeleke jogoo mwekundu wa kumwomba mama mkwe radhi, nami namlisha jogoo huyo vizuri. Katika daftari niliandika: "Kinyonga, pembe tatu. Hakukimbia." Nimejifunza kwamba kujua kitu na kukibeba kichwani ni kazi mbili.

Mama mkwe hupiga simu kila Ijumaa. Masale yamesimama, na kinyonga amempa jina: Mkwe.

"Huyu ndiye mkwe hasa," anamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia. "Anatembea polepole, anatazama pande zote, na chumbani kwangu haingii mpaka aletwe."