Ngoma Isiyo na Ngozi

Jana jirani alikuwa na harusi, wapigaji wakapasha ngoma zao kwenye moto wa makumbi ya nazi. Ile harufu ya ngozi ya mbuzi ikanifuata ndani nilikokaa peke yangu, chai imeshapoa.

Mwalimu wetu wa ngoma shuleni alitufundisha kupasha vivyo hivyo ili ngozi ikaze: unaigeuza, unaigonga, unasikiliza. Asubuhi ya kwenda Msambweni kupiga ngoma bendera mpya ikipandishwa, mimi nikaiacha yangu motoni nikaiga mwalimu anavyochechemea. Wenzangu walicheka mpaka ngozi ya ngoma yangu ikapasuka.

"Huyu basi abaki," akasema mmoja.

Mwalimu akanivika shingoni ule mzinga mtupu wa ngoma uliobaki bila ngozi. "Utakwenda. Piga hewa, mwanangu."

Nikapiga hewa kutoka kwetu Munje, tukapita msikitini, hadi uwanjani Msambweni. Wenzangu wananguruma kila upande, mimi katikati sina hata mlio, kama mtu aliyekufa na hajaambiwa. Mwalimu alichechemea ubavuni mwangu njia nzima, sikio kaliinamishia mzinga wangu.

Tulipofika akaninong'oneza, "Pale msikitini ulichelewa pigo moja."