Walioteleza Kwenye Mahindi

Katika duka lile la pembejeo hakuna mtu aliyewahi kupigwa. Ndivyo ubao ulivyosema kwa miaka ishirini na sita, na anayebisha akamuulize Mama Funguo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiuandika.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa wateja, wafanyakazi wote walisimama kati ya kaunta na mizani kubwa, mikono nyuma kama wanafunzi. Ukutani palikuwa na ubao mweusi wenye safu tatu: Karibu, Hongera na Pole. Dereva amepata mapacha, Hongera. Mshona magunia amefiwa na baba mkwe, Pole. Mama Funguo aliandika kwa chaki, akasoma kwa sauti, na watu wakapiga makofi, hata kwa msiba, kwa sababu Mzee mwenye duka alipenda makofi. Mzee huyo alizoea kusema kwamba hapa si kazini, hapa ni nyumbani, na sisi sote ni familia moja. Kweli ilikuwa familia, tena ya baba mwenye mkono mwepesi.

Chini ya kaunta alikaa Mshauri. Huyo hakuwa mtu. Ulikuwa mpini wa jembe, wa mti mgumu, uliolainika kwa miaka ya kushikwa, na jina walimpa wafanyakazi wenyewe. Mtu akitembea upande waliulizana kama jana alipata ushauri wa kiuno au wa mgongo, wakacheka mpaka machozi. Usiwalaumu. Ghala zima lilijaa dawa za kila mdudu, na kicheko ndiyo dawa pekee ambayo haikufungiwa kabatini.

Aliyeshauriwa, Jumatatu jina lake liliingia safu ya Pole. Mpima mizani aliteleza kwenye ngazi. Fundi wa mabomba ya kunyunyizia aliangukiwa na boksi. Dereva alijibamiza na mlango wa lori, mara mbili kwa mwaka mmoja. Ukisoma ubao ule ungedhani wamiliki wamepaka sakafu mafuta.

Mama Funguo mwenyewe ndiye aliyeanza kuteleza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mfagiaji tu, siku aliyomfungulia mkulima gunia la mbegu za msimu uliopita akidhani ni mpya. Mzee hakusema neno. Alichukua jiwe la mizani la kilo moja akampiga nalo mdomoni. Meno manne yalibaki kwenye mahindi yaliyomwagika sakafuni, na yeye akainama kuyatafuta, damu ikidondokea punje, huku akiomba radhi kwa kuchafua mbegu. Jumatatu Mzee alimpa chaki kwa kuwa alisikia ana mwandiko mzuri. Akamwambia andika. Binti akaandika: "Pole kwa mfagiaji, aliteleza kwenye mahindi." Watu wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo alikabidhiwa funguo za ghala, na jina lake la kuzaliwa halikuitwa tena pale.

Mzee alipokufa, duka, kaunta na Mshauri vilirithiwa na mwanawe wa kwanza, ambaye wote walimwita Bosi. Mjane, Mama Bosi, alikuja kila siku na kigoda chake, akakaa karibu na mlango wa ofisi kama mtu anayelinda kuku. Bosi alikuwa na elimu kubwa kuliko baba yake na hasira zaidi ya baba yake. Mzee alipiga akanyamaza. Bosi alipiga huku akieleza.

Miongoni mwa wapakizi alikuwepo mmoja aliyeitwa Winchi, kwa kuwa alinyanyua magunia mawili ya mbolea kwa mpigo bila kuguna. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama Funguo. Dada alifariki Winchi akiwa bado hajaota meno, na Mama Funguo, ambaye hakujaaliwa mtoto wake, ndiye aliyemlea, akamtafutia kazi, akamwonya juu ya Mshauri. Kwa miaka kumi na miwili Winchi alitoka salama. Nguvu zake zilimkinga, au labda ulimi wake mfupi.

Basi likaja juma la kwanza la mvua, wakati wakulima wote wanataka mbegu siku moja. Kila mtu wa ghala anajua kwamba dawa ya kuua magugu haiwekwi juu ya mbegu. Lakini chumba cha dawa kilikuwa kimejazwa mbolea, na Bosi akaamuru madumu ya dawa yapangwe kwenye rafu ya juu, magunia ya mbegu za mahindi yakae chini. Winchi alimwambia mara moja, kwa adabu, kwamba haifai. Akaambiwa apange. Akapanga.

Alhamisi dumu moja lilivuja. Winchi alishusha gunia, akalinusa, akaona baka la unyevu. Mteja alikuwa amesimama pale na toroli lake, na nyuma yake foleni ya watu kama ishirini. Winchi aliliweka gunia chini. Akasema, si kwa ukali, kwamba hizi hazitaota.

Mkulima mmoja aliuliza kama na zile alizochukua jana zilikuwa chini ya rafu hiyohiyo. Mwingine akacheka kwa uchungu, akasema twendeni kwa jirani. Bosi alitoka nyuma ya kaunta na Mshauri. Pigo la kwanza lilitua shingoni, la pili mkononi, na kila pigo lilikuwa na maelezo yake: hili la kunidhalilisha, hili la kunifukuzia wateja. Winchi hakujitetea. Mtu aliyeweza kumbeba Bosi kwapani alisimama ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa na mama yake mdogo, kwamba ukitulia yanakwisha haraka. La nne lilimkuta akiinua uso, akitaka kusema kitu. Ncha ya mpini iliingia kwenye jicho la kushoto.

Mama Funguo aliusikia mlio wenyewe kutoka ndani ya ghala. Hakuusahau.

Hospitali walisema jicho limekwisha. Jumapili mchana Bosi alifika wodini na mfuko wa machungwa, amevaa nadhifu, sauti ya chini. Alisema matibabu yote ni juu ya duka, na kazi ya Winchi iko palepale akipona. Kisha akamgeukia Mama Funguo, akamwambia kesho aandike kama kawaida. Aliyaacha machungwa kitandani akaondoka.

Winchi alikuwa amelala chali, nusu ya kichwa imefungwa bandeji. Akauliza:

"Mama mdogo, kesho utaniangusha wapi? Kwenye ngazi?"

Hakuuliza kwa hasira. Laiti angekuwa na hasira. Ulimi wa Mama Funguo ukapita kwenye pengo la meno yake manne, ukakaa hapo. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, aibu ya kujua kwamba huyu mtoto alisimama kimya mbele ya mpini kwa sababu yeye alimfundisha kusimama.

Jumatatu watu walipanga mstari. Bosi aliegemea kaunta. Mama Bosi alikuwa kwenye kigoda chake. Mama Funguo alipiga moyo konde, akaandika kwenye safu ya Pole kwa mwandiko uleule uliompatia funguo: "Winchi. Amepigwa na Bosi kwa mpini, mbele ya wateja. Jicho la kushoto halitaona tena."

Akaendelea: "Mama Funguo. Meno manne. Alipigwa na Mzee kwa jiwe la mizani." Mpima mizani, mwanamume mpole ambaye hata nzi alimfukuza kwa heshima, akasema taratibu kutoka nyuma:

"Andika na mbavu zangu."

Chaki ilikuwa inaelekea mbavu pale Mshauri alipomwangukia kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Bosi aliinua tena, na mdomo wake ulikuwa umeanza kueleza.

Hakumaliza maelezo. Kando ya mlango palikuwa na mafungu ya mipini mipya, bidhaa ya msimu, na hakuna anayejua nani alikata kamba ya fungu la kwanza. Dereva alimpiga miguuni. Mshona magunia, mama wa watoto watano, alimpiga mgongoni akilia kwa sauti. Fundi wa mabomba alimpiga taya. Walikuwa tisa, na walipiga kama wanavyopura maharage, kwa zamu, bila kugongana, kwa maana walizoea kufanya kazi pamoja. Bosi alitambaa kuelekea mizani, akaacha mstari mwekundu juu ya punje za mahindi zilizotapakaa, akamwita mama yake.

Mama Funguo aliketi sakafuni ameukumbatia mkono wake. Angeweza kusema "basi" mapema. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye: alikuwa na pumzi, alikuwa na sauti, na wangemsikiliza. Alihesabu kwanza. Moja la meno yake, moja la mbavu za mpima mizani, moja la jicho. Furaha ilimpanda kifuani, chungu na moto, akaiacha ipande. Ndipo akasema basi, na wote wakasimama palepale wakihema, wakaitazama mipini mikononi mwao kama vitu vya mtu mwingine.

Mteja aliyekuwa nje akisubiri kufunguliwa alisikia kelele akaita polisi. Mama Bosi alikuwa amempakata mwanawe, ambaye taya lilikuwa limekwenda upande na mguu umekunjwa pasipo na goti. Askari waligonga mlango. Mjane aliangalia mlango, akaangalia ubao. Pale juu palikuwa na jina la marehemu mumewe, jiwe la mizani, jicho la mtu. Akainuka, akachukua ncha ya mtandio wake, akafuta yote. Alifuta kwa nguvu hadi ubao ukang'aa. Ukweli ulikuwa umekaa ubaoni kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Askari aliuliza kumetokea nini. Alipomaliza kufuta, mama wa watu ndipo alipogundua kwamba hana kingine cha kusema. Akisema mwanangu amepigwa, ataulizwa kwa nini, na watu tisa watamjibu kwa niaba yake.

"Ghala letu lina utelezi," alisema.

Askari aliitazama mipini, akaitazama damu, akawauliza mmoja mmoja. Kila mmoja alisema Bosi aliteleza. Walikuwa na uzoefu.

Jumatatu iliyofuata Bosi alikuwa hospitali, chakula akinywa kwa mrija. Mstari ulipangwa kama kawaida. Winchi alikuja na bandeji yake, akasimama mwisho. Mama Bosi alimkabidhi Mama Funguo chaki, kwa ishara ileile ya marehemu, akamwambia andika. Mkono wa kulia ulikuwa na plasta, kwa hiyo aliandika kwa wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka: "Pole kwa Bosi, aliteleza kwenye mahindi."

Kisha mkono ukasita. Chini ya mstari ule ilikuwa nafasi ya Winchi. Jambo lile alilokataa kulifanya wiki iliyopita lilikuwa limerudi, na safari hii halikuletwa na Bosi. Nyuma yake walisimama watu tisa. Akiandika kwamba Winchi alipigwa, askari wa Jumatatu iliyopita angeelewa mara moja kwa nini Bosi aliteleza, na tisa hao wangefungwa: dereva na mapacha wake, mshona magunia na watoto wake watano, mpima mizani na mbavu zake. Uongo kuhusu Bosi usingesimama bila uongo kuhusu Winchi pembeni yake.

Machozi yalimtoka mbele ya watu wote. Akaandika. Akasoma yote mawili kwa sauti. Makofi yakapigwa, na Mama Bosi naye alipiga.

Winchi alisogea mbele, akageuza kichwa ili jicho lililobaki lifike ubaoni. Herufi za mkono wa kushoto zilimsumbua.

"Umeniangusha wapi, mama mdogo?"

"Palepale nilipoanguka mimi," alisema, akachukua funguo kwenda kufungua ghala.