Jembe la Baba Lilielekea Wapi

Mpaka leo sielewi kwa nini kuchonga malapa kunanifurahisha. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, mwenye duka la steshenari Bariadi mjini, naamka asubuhi na kabla sijabandika chai nakaa kwenye kigoda uani na wembe na kipande cha soli ya kandambili, nachonga muhuri. Mmoja kwa siku. Leo ua la pamba, kesho kanga, keshokutwa birika lenye mdomo uliopinda. Nikimaliza naugonga kwenye pedi ya wino, kisha kwenye daftari, na picha inapotokea moyo unaniruka kama wa mtoto aliyeona soda. Unaruka kwa ajili ya nini? Birika lenyewe ninalo jikoni.

Nilianza siku chache baada ya kumzika baba. Tulirudi kutoka Kimali, kijijini kwetu, waombolezaji wakatawanyika, nikafungua duka nikawa nakaa tu. Mteja anataka kopi mbili, mimi natoa saba. Asubuhi moja lapa la mume wangu lilikatika kamba. Nililiokota nikalitupe, nikajikuta nalikata kwa wembe, kisha nikaligonga kwa wino kwenye daftari. Akatoka samaki, au kitu ambacho mume wangu, kwa huruma zake, alikubali kukiita samaki. Nikacheka. Papo hapo nikaingiwa na aibu: baba hajamaliza hata siku kumi ardhini, na mimi nachekelea samaki wa malapa. Nililificha lile daftari chini ya godoro. Kesho yake nikachonga tena.

“Mke wangu,” mume wangu huniambia, “katika nchi hii mtu anayechonga mihuri nyumbani hana mwisho mzuri. Wakija kukukamata, mimi nitasema ni mpangaji tu.”

Jambo moja lilinichanganya tangu mwanzo na bado linanichanganya. Unachochonga sicho utakachokiona. Ukichonga birika mdomo ukaelekea kushoto, kwenye karatasi linaelekea kulia. Kila siku naambiwa na mikono yangu mwenyewe, na kila siku nasahau.

Mwaka ulipokaribia kutimia, kaka yangu, mkubwa wetu, alipiga simu kutoka Kimali. Kaburi la baba litajengewa Jumamosi, na chini ya msalaba anataka iwepo chapa ya ng'ombe wetu.

“Si wewe ndiye fundi wa mihuri? Tuchongee jembe la mzee. Tutaligandamiza kwenye saruji kabla haijakauka.”

Nikaitikia kwa furaha kubwa, nikachukua penseli. Kila ng'ombe wa baba alikuwa na alama ya jembe pajani, mpini umesimama, ulimi umetokeza upande mmoja. Nikachora mpini. Kisha penseli ikasimama. Ulimi ulielekea wapi?

Swali hilo halikuwa dogo. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo alikuwa na chapa ya jembe hilohilo, ila lake lilielekea upande wa pili. Ng'ombe wakichanganyika malishoni, wazee wawili waliinama nyuma ya ndama mmoja wakabishana mpaka jua likazama. Waligombana hivyo maisha yao yote. Nikikosea upande, nitakuwa nimeweka alama ya jirani juu ya kifua cha baba. Nilimjua baba. Angefufuka ili anigombeze.

Na hapakuwa na pa kutazamia. Ng'ombe waliuzwa, wa mwisho kwa matibabu yake. Chuma cha chapa kilibebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Jirani na ukoo wake walihamia Katavi. Nikamuuliza kaka, akasema kulia. Nikamuuliza dada, akaapa kwamba ni kushoto.

“Kaka yako anajua nini? Alikuwa anachunga huku amelala.”

Kura yangu ndiyo ingeamua, na mimi sikuwa nayo. Nimewakamua wale ng'ombe utoto wangu wote, paji la uso limeegemea palepale kwenye chapa, na bado jembe lile halimo kichwani. Nililia kwa hasira. Mtu anasahauje kitu kama hicho? Mwaka mmoja tu, na nilikuwa nimeshaanza kumpoteza baba vipande vipande.

Nikachonga mawili, kila moja na upande wake, kwenye malapa mazima.

Ijumaa jioni tulikuwa Kimali. Mama anaishi kwa kaka. Macho yake yalizimwa na presha ya macho, na kumbukumbu zake huja na kuondoka zitakavyo. Asubuhi nilimpigia goti mama nikamwamkia kwa Kisukuma chetu: “Mwangaluka, mayu.” Akaitikia vizuri, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

“Wa kwako, mayu.”

“Aa. Wabeja,” akasema, akinishukuru kama mtu aliyeletewa zawadi.

Dada hakusubiri. “Mama, jembe la mzee lilielekea wapi?”

“Sijui. Mambo ya macho yaliondoka na macho.”

Nikampa lapa la kwanza. Akalipapasa kwa kidole gumba, akalirudisha haraka. “La ng'ambo hili.” Nikampa la pili. Kidole kikapanda mpini, kikashuka, kikafuata ulimi taratibu mpaka nchani. “Hili ndilo.”

Tukainama sote kuangalia. Ulimi ulielekea kushoto. Dada akapiga kigelegele, kaka akanuna. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakubali, ndipo nikakumbuka birika.

“Subirini. Huu ni muhuri, ukigonga unageuka.” Nikaupaka wino nikaugonga kwenye mfuko mtupu wa saruji. Jembe likaelekea kulia. Sasa kaka akacheka, dada akanuna, na mimi nikachanganyikiwa kuliko wote wawili. Mama amechagua kile anachokigusa, au kile kitakachotokea?

“Mama,” nikauliza, “hapo unamkumbuka ng'ombe mwenyewe?”

“Ng'ombe alilazwa akashikwa na baba yenu. Mimi nilikuwa wa chuma. Nilikisugua kwa mchanga, nikakipaka mafuta, nikakileta kutoka motoni.”

Basi ikaeleweka. Mikono yake ilikijua chuma, na chuma ni sawa na muhuri, hugeuza. Jembe la baba lilielekea kulia. Kaka alikuwa anachunga akiwa macho.

Fundi alisawazisha saruji chini ya msalaba, akasogea pembeni. Nikalipaka lapa mafuta ya kula, nikaligandamiza, nikaliinua polepole. Likatokea jembe safi kabisa. Furaha ikanijia, ileile ya asubuhi kwenye kigoda, na mara hii sikuona aibu, maana nilikuwa nimemfikishia baba jembe lake.

Tukamleta mama. Akachuchumaa, nikamwekea kidole kwenye mfereji mdogo wa saruji mbichi. Akaufuata mpini, akaufuata ulimi. Uso wake ukabadilika.

“Hili si letu. Mmemwekea mzee la ng'ambo.”

Tukamweleza. Chuma, muhuri, kugeuka, kushoto, kulia. Kila aliyeeleza alizidi kulivuruga. Mama akaung'ang'ania msalaba. “Mmemwekea la ng'ambo. Atalalaje?” Kaka akaniangalia mimi, fundi wa mihuri. Kusema kweli hata mimi sikuwa na uhakika tena. Nilijua tu kwamba siwezi kumwondoa mama pale akiamini kwamba mumewe amelala chini ya jembe la adui yake.

Nikamwomba fundi apitishe mwiko, afute. Kisha nikamwekea mama lapa mikononi.

“Mayu, chuma hiki hapa. Piga wewe.”

Akalipapasa. Kidole kikafuata ulimi mpaka nchani. Akaligeuza mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na mwili, kama kitu cha moto.

“Mmeshamlaza?” akauliza.

Dada ndiye aliyejibu. “Tumeshamlaza, mama.”

“Basi mshikeni vizuri.”

Kaka yangu, mtu mwenye wajukuu, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, akaweka viganja vyote viwili juu ya saruji, akashika. Nikamwongoza mama mkono. Akagandamiza, akahesabu kimoyomoyo midomo ikichezacheza, akainua. Jembe likatokea lilelile, limeelekea kulekule.

“Haya,” akasema mama, na uso wake ulikuwa umetulia. “Mwachieni aende.”

Kaka hakuachia mpaka nilipomgusa bega.