Kiboksi Nyuma ya Glasi za Wageni

"Mwalimu, tangu nilipokufungia hii modemu, kuna kifaa kingine kimeongezwa humu ndani?"

Najiat aliuliza akiwa amepiga magoti kando ya televisheni, bisibisi mkononi, mtandio ameufunga nyuma ya shingo usimsumbue. Eustadia alimtazama usoni akajibu, "Hakuna."

Hatua tatu kutoka pale, ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya glasi za wageni na chini ya kitambaa cha kufuma, ruta mpya ilikuwa ikimetameta taa zake za kijani.

Mwanawe Leodgar ndiye aliyeituma kwa basi kutoka Mwanza, ili waifai ifike mpaka chumbani. Alimsihi asiiguse, amsubiri fundi. Eustadia akamjibu kwamba aliyefundisha fizikia miaka thelathini na moja hashindwi na kuchomeka waya. Akachomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, taa zikawaka, akafurahi. Kisha akaiona pale mezani, imesimamisha antena zake nne kama mdudu, akaona haifai kukaa sebuleni kwa watu wa heshima. Akatoboa tundu dogo nyuma ya kabati, akaificha.

Siku ya pili intaneti ikaanza vituko. Simu inakubali, televisheni inakataa. Baada ya saa moja televisheni inakubali, simu inakataa. Moyoni Eustadia alishuku ile ruta. Lakini kumwambia fundi ni kukiri kwamba mwanawe alimwonya, na kwamba mwalimu wa fizikia ameshindwa na waya. Neno "hakuna" lilimtoka jepesi kabisa.

Najiat alibadilisha waya, akasafisha viungio, akapanda hadi kwenye nguzo akashuka. Mtandao ukatulia. Akaaga vizuri, akaenda zake.

Jumapili wakwe wa Leodgar walipiga simu ya video kuzungumzia ubatizo wa mjukuu. Mzee wao alikuwa katikati ya maneno picha ilipoganda, kisha ikakatika. Wakapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu ilikatika mzee akiuliza kama jina walilopendekeza limemchukiza. Jioni Leodgar alimpigia mama yake kwa simu ya kawaida, sauti ameishusha. "Mama, wanasema umewakatia simu mara tatu."

"Mimi? Nimkatie simu mkwe wangu?" Eustadia alihisi uso ukimwaka. "Waambie fundi niliyeletewa hajui kazi."

Baada ya kulisema hilo ilibidi alisimamie. Jumatatu asubuhi alipiga simu kwa kampuni ya kebo iliyomwekea intaneti, akaomba kuongea na mkubwa wao. Akamwambia binti yule hajui kazi. Akaongeza, na hapa sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea ripoti mbele ya wazazi, "Na sina hakika kama hajawaunganisha watu wengine kwenye laini yangu."

Jumatano akaja fundi mwingine, Mabruki, Mzaramo mwenye mvi za kutosha aliyeoa Tabora akasahau kurudi kwao. Salamu zilipokwisha tu akaanza utani.

"Wanyamwezi nyie, mlibeba pembe za watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Leo mnashindwa kukaa na kiboksi kimoja?"

"Na nyie Wazaramo mlikuwa mnatusubiri hukohuko pwani mtuibie posho," Eustadia alimjibu. Wakacheka. "Yule binti mbona hakuja?"

"Najiat? Wamemnyang'anya ngazi. Kawekwa kaunta mpaka uchunguzi uishe. Kuunganisha watu kwa wizi si jambo la mchezo, mtu anafukuzwa kazi." Mabruki alikuwa ameshafungua kompyuta yake mapajani. "Binti wa Adinani fundi cherehani, nyumba ya watu waaminifu. Mimi nilishangaa, lakini mteja akisema, amesema."

Eustadia hakucheka tena. Aliketi kwenye kiti chake, mikono imelala magotini.

Mabruki alisoma kioo cha kompyuta, akakuna kidevu. Akainuka akachomoa waya wa umeme wa modemu. Taa zote zikafa. Akarudi kukaa, akabonyeza, akaganda.

"Ajabu hii. Modemu yenu anwani yake ni mia tisini na mbili, mia sitini na nane, sifuri, moja. Nimeizima, wewe mwenyewe umeona. Sasa naiita anwani hiyohiyo, bado inaitika!" Akageuza shingo kutazama sebule nzima. "Mtani, humu ndani kuna mwingine anayejiita hivyohivyo."

Alifuata waya kwa vidole, kutoka nyuma ya modemu, ukutani, hadi kwenye tundu la kabati. Akafungua kioo cha kabati, akatoa glasi mojamoja kwa adabu, akazipanga zuliani, akainua kitambaa.

Eustadia alisikia honi za bajaji zikipita kuelekea hospitali ya Kitete, akatamani awe abiria ndani ya mojawapo.

"Vyote viwili vimetoka kiwandani na anwani moja," Mabruki alisema taratibu, "na vyote vinagawa anwani kwa simu na televisheni. Kila kimoja kinajiona ndiye mwenye nyumba. Simu yako ikifuata hiki, inapotea. Ikifuata kile, inapita." Akaiwasha modemu, akaipa ruta anwani yake peke yake, akaizuia isigawe anwani tena, akaviwasha upya vyote viwili. Robo saa tu. Simu ikapokea, televisheni ikapokea, hata chumbani ikafika.

Kisha akatoa fomu yake, akaishika kalamu hewani. Akatabasamu. "Mtani, mizigo mmeacha kubeba, sasa mnaificha makabatini! Haya, niandike nini? Naweza kuandika hitilafu ya kawaida, imerekebishwa. Yameisha."

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Eustadia alisikia kinywa chake kikisema, "Andika hivyo," na Mabruki akaandika.

Chakula cha mchana alikirudisha jikoni. Hitilafu ya kawaida haimrudishii mtu ngazi yake. Saa nane alivaa gauni lake la kanisani, akapanda bajaji hadi mjini, akipanga njia nzima maneno ya kumwambia mkubwa wa ofisi faraghani.

Mkubwa alikuwa amesafiri. Kaunta ilikuwa na mtu mmoja tu, Najiat, na foleni ya watu sita. Zamu yake ilipofika, Najiat alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Maneno yote aliyopanga yalikimbia. "Uliniuliza kama kuna kifaa kingine. Kilikuwepo. Nilikiweka mwenyewe, nikakuficha. Na lile la kuunganisha watu nililitunga."

Mzee mmoja nyuma yake aliguna. Najiat hakutabasamu, wala hakusema si kitu.

"Maneno hayatoshi, mwalimu. Yale ya kwanza yameandikwa." Alimsogezea karatasi. "Andika na haya."

Juu ya karatasi, mahali pa jina la mteja, kompyuta ilikuwa imeshachapa: Raymundi. Mume wake, miaka minne kaburini, hakuwahi kumsingizia mtu maishani mwake. Kumbe laini ilikuwa bado kwa jina lake, na hata malalamiko ya Jumatatu yalipokewa kwa jina hilo.

"Mwanangu, badilisha kwanza hili jina. Weka langu."

"Hiyo inahitaji cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Siku kumi hivi. Mimi wananijadili kesho."

Eustadia aliichukua kalamu. Chini ya jina la marehemu, kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni, aliandika kwamba kosa lililoelezwa hapa si la mwenye jina hili, wala si la fundi Najiat, ni la mjane wake Eustadia. Kisha akaendelea na ruta ya kabatini na uongo wa Jumatatu, mstari kwa mstari, na nyuma yake foleni ikingoja.