Dereva Niliyemwandika Kwenye Udhaifu

Nilipomaliza chuo, shangazi yangu aliniomba niichambue kampuni yake ya kukodisha magari hapa Rumonge. Magari yenyewe manne, madereva wanne. Niligawa karatasi kama tulivyofundishwa: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Kwenye udhaifu niliandika kwamba kila gari hutoka na dereva wake, hata mteja akiwa na leseni. Nikapendekeza tuanze kwa kumpunguza yule wa zamani zaidi, Mwislamu wa hapa hapa mjini, ambaye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Usiku huo sikulala. Shangazi alisema tujaribu Jumamosi moja. Mambo yakienda sawa, dereva angeachishwa kazi.

Jumamosi ilipofika, familia moja ilikuwa inapeleka mahari Kizuka. Niliwakabidhi ufunguo mwenyewe. Dereva, kwenye benchi la ofisi, alisema tu, "Haya, patroni mdogo," kana kwamba bosi sasa ni mimi.

Tulikubaliana gari lirudi saa tisa. Saa kumi, hakuna gari. Simu ya mteja haipatikani. Nikaanza kuzihesabu kona za barabara ya Kizuka, moja moja, na kwenye kila kona nikaliona gari limelala ubavu. Benchi nalo lilikuwa tupu. Nikadhani dereva amekwenda kwake na hasira zake.

Saa kumi na moja likaingia, bila mkwaruzo, na kidumu cha mawese nyuma. Kwenye usukani alikuwa yeye.

Kumbe familia ile ilifika sokoni tu, ikampigia simu awafuate. Ukweni, mgeni akikataa pombe ya ndizi amewatukana wenyeji, na wote wenye leseni walikuwa wageni. Yeye hanywi, na hakuna mkwe anayemlazimisha Mwislamu. Ndiyo sababu watu hukodi gari kwa shangazi. Mji mzima ulijua, isipokuwa mimi.

"Ulichambua magari," aliniambia akinirudishia ufunguo, "ukasahau pombe."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikamwomba dereva radhi, nikamfuta kwenye udhaifu na kumwandika kwenye nguvu mbele ya macho yake. Aliusoma mstari huo bila haraka.

"Ongeza kwamba leo nimekaa kama baba mdogo wa bwana harusi," akasema, "na paja la kuku nimepewa mimi."

Nikaongeza.