Nilisema Hatutaki vya Bure, Sasa Mume Wangu Haingii Bustanini

Admin, nifiche jina tafadhali, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Kiogoro, nauza ndizi. Bwanangu, tumwite Baba Kerubo, ni mzee wa kanisa la Sabato. Alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Daktari wa mazoezi akamwambia atembee, lakini mahali tambarare. Sasa nyinyi mnaoijua Kisii niambieni, tambarare iko wapi? Kwetu ukitoka mlangoni ni kupanda ama kuteremka.

Tukapata bustani moja mjini yenye njia laini ya kuzunguka. Kila Sabato jirani mwenye gari, anayetupeleka kanisani, alikuwa anatushusha hapo baada ya ibada. Siku nyingine gari liko kazini, na kwa pikipiki Baba Kerubo hawezi kukaa. Alianza na fimbo na bega langu. Mwishowe akawa anazunguka peke yake, mimi nimekaa kwa nyasi namtania, "We mzee, unanikimbia unaenda kwa nani?" Alikuwa anacheka na ule mdomo uliopinda, na mimi nikampenda upya, haki ya Mungu.

Kisha wananchi tukaitwa na kaunti kutoa maoni. Bustani itawekwa kiingilio, ili vyoo vijengwe na njia zitunzwe. Kijana mmoja akapendekeza watu wanaotoka kanisani waingie bure Jumamosi. Mdomo wangu huu! Nikasimama: "Sisi si ombaomba. Hatutaki vya bure. Tupunguzieni tu Jumamosi, tutalipa." Watu wakapiga makofi, na maafisa wakafanya vile vile nilivyosema. Baba Kerubo alinisifu kwa waumini hadi nikaona haya.

Nilikuwa nimewaza tutalipa Ijumaa, kwa sababu sisi siku ya Sabato hatununui wala hatuuzi. Kumbe malipo ni ya siku hiyo hiyo, langoni, kwa simu. Ya jana hayatambuliwi. Nimerudi kwa afisa mpaka amenichoka. "Mama, si ni wewe uliomba hivi? Na mlipunguziwa."

Sabato ya kwanza ya kiingilio, tulipofika langoni, askari alimhurumia. Alimwita tata, vile sisi Wakisii tunaita baba. "Tata, ingia tu, mimi sijaona kitu."

Baba Kerubo akajishikilia kwa fimbo. "Asante kijana. Mke wangu alisema hatutaki vya bure." Akageuka. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananitetea, na hiyo ndiyo inaniua.

Wazee wenzake wamemwambia alipe tu, hayo ni matibabu, Mungu anaelewa. Hataki kusikia. Sasa anajaribu kutembea hapa nyumbani. Wiki iliyopita aliteleza kwenye migomba, nikamkuta ameketi kwa matope, wala hakuniita. Mguu umeanza kukakamaa tena. Fimbo haimtoshi, amerudi kwa bega langu.

Nimefikiria nilipe kwa simu nikiwa nimejificha, nimwambie sheria imebadilika. Lakini nitakuwa nimenunua siku ya Sabato, na nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Akijua hatanipigia kelele. Heri angepiga! Atanyamaza tu, na hatarudi huko tena. Nisipolipa, mguu unaisha nikiuona kwa macho yangu. Nyasae, Mungu wangu, hata kulala silali vizuri.

Jana amenipa zile raba zake za mazoezi. "Mama Kerubo, mpelekee mdogo wangu, bado ni nzuri." Nimezisukuma chini ya kitanda. Nimeshindwa kuzipeleka na nimeshindwa kumrudishia. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini, lakini msiniambie niombe. Nimeomba.